Wati Sitini kwenye Paji la Mzee Namtande

Kila nikinusa siki kwenye kachumbari, pua inanirudisha Nachingwea, kwenye chumba cha uani ambacho mama alikiziba dirisha kwa blanketi na magunia ya korosho, akakiita chumba cha giza. Dawa za kusafishia picha zilinuka vilevile, na sisi watoto tulinuka hivyo hadi kanisani.

Mama alikuwa fundi cherehani. Siku moja akabadilishana na masista wa misheni: wao wakachukua cherehani, yeye akarudi na mashine kuukuu ya kukuzia picha, iliyoachwa na bradha aliyehama. Ilikuwa na kichwa chenye taa juu ya shingo ndefu ya chuma. Mwanga ulipita kwenye filamu ndogo, ukaangusha sura kubwa kwenye karatasi. Baba aliizunguka mara mbili, akauliza, "Cherehani ilitulisha. Hili dubwana linafanya nini zaidi ya kuchungulia meza?"

Wiki ya kwanza tu, balbu ikaungua. Ilikuwa balbu ya aina yake, na Nachingwea nzima haikuwepo nyingine. Mbaya zaidi, Mzee Namtande wa Likunja, mkulima wa ufuta na rafiki wa baba, alikuwa ameshapigwa picha na mama na anasubiri ikuzwe, aitundike sebuleni kabla wakwe hawajafika. Baba akatoa hukumu wakati wa chakula: "Mama Agnesi, picha ya mzee ikiharibika, dubwana linarudi misheni, na wewe unarudi kwenye cherehani."

Agnesi ni mimi. Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa upande wa dubwana kabisa, maana enzi za cherehani mshona vifungo alikuwa mimi.

Tukaenda dukani kutafuta balbu ya kawaida ya kuziba pengo. Ya kwanza niliichagua mimi, wati mia, ya kioo kitupu, kwa sababu nilipenda kuuona uzi wake wa ndani. Kumbe hata karatasi iliuona: kipande cha majaribio kilitoka na mchirizi mweusi kama mnyoo. Halafu ilikuwa na haraka. Mama hakuwa na saa, alipima mwanga kwa Salamu Maria, na balbu ya zamani ilimaliza picha kwa sala moja kamili. Hii iliunguza karatasi kabla hatujafika "umebarikiwa". Mama akaifungua. "Siwezi kumkatiza Bikira Maria kwa ajili ya balbu," alisema.

Tukajaribu ya wati ishirini na tano. Tulisali, tukasali, nikasinzia nimesimama. Mwishowe mwenye duka akatoa moja nyeupe kama maziwa, wati sitini. Salamu Maria moja, tukafika "Amina", na kipande cha karatasi kikatoka safi. Mama alinikumbatia.

Karatasi kubwa ilikuwa imebaki moja tu, na nyingine zingetoka Dar, lini hakuna aliyejua. Mama akaiweka, akawasha, akasali, akazima. Kwenye dawa sura ikaanza kuibuka: kofia, ndevu, yale macho ya utani. Kisha kwenye paji la uso zikatokea herufi nyeupe, wazi kabisa: 60 W. Yalikuwa maandishi ya kwenye balbu. Vile vipande vidogo vya majaribio havikuwa na nafasi ya kuyapokea. Mama alikaa sakafuni akalia, na mimi nikalia kwa sababu ya vifungo.

Asubuhi mzee akafika. Baba alikuwa ameshakaa kitini kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee Namtande aliiangalia picha kwa muda mrefu, akayaangalia na macho ya mama yaliyovimba.

"Shikamoo, mzee. Unisamehe, hiyo ni..."

"Marahaba. Mama Agnesi, nani kakwambia umri wangu?" akamkatiza. "Sitini! Kule kijijini wananikokota kwenye kazi za msaragambo, eti mimi bado kijana. Haya, na mashine nayo imeona!"

Akaikumbatia picha, akaondoka nayo. Baba akainuka kitini. Dubwana likabaki.

Habari zikaenea. Mzee akabandikwa jina, Wati Sitini, na watu wakaja kutoka Ruponda na Lionja wakitaka picha inayotaja umri. Mama alikuwa ameshayakwangua maandishi ya balbu kwa wembe, akawa anawaambia mashine imechoka kuhesabu. Nami kwa miaka mingi niliwachekesha rafiki zangu kwa kisa cha mzee asiyejua kusoma, aliyedhani wati ni miaka.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima, nikaenda Likunja kuhani. Binti yake alinionyesha daftari ambalo marehemu aliandika watoto wote waliozaliwa kijijini, kwa mwandiko uliopangika kuliko wangu. "Alianza alipokuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima," akasema. "Nusu ya wazee unaowaona hapo nje, kawafundisha yeye." Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na mwaka aliozaliwa. Nikapiga hesabu: siku ile ya picha alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Nilicheka palepale msibani, mpaka nikaona aibu. Nje wanafunzi wake walikuwa wanamtaja marehemu, na wote, kwa upendo, walikuwa wanamwita Wati Sitini. Hakuwahi kuwasahihisha, na mama yangu hakurudi kwenye cherehani.