Programu iliyokataa mchana ikakubali jioni: kisa cha Selemani na kompyuta ya majibu

Wakuu, habari za humu ndani. Wanaostahili shikamoo nawapa, wanaonidai marahaba watadai kwenye komenti.

Leo nimekaa nimeona niwaletee kisa kimoja cha kazini. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo mwenyewe, na nitakachosahau nitasema nimesahau. Majina nimebadilisha na kituo sikitaji, maana wahusika bado wapo na wengine wana simu kubwa kuliko yangu.

Miaka ya elfu mbili ikielekea mwishoni nilikuwa fundi kompyuta Nachingwea mjini, kibanda changu karibu na stendi. Fundi wa kipindi kile mnamjua. Unachapa kadi za harusi, unaondoa virusi kwenye flash za walimu, na kazi zikikauka unatengeneza hata pasi.

Siku moja nikapigiwa simu na Sista mmoja, msimamizi wa kituo cha afya cha parokia upande wa Ruangwa. Mama mkali, mnyoofu, maneno machache.

"Nina kompyuta inasumbua," akasema. "Njoo, lakini usimwambie mtu nimekuitia nini. Tutaongea ukifika."

Nikapanda pikipiki. Nilifika mwekundu kwa vumbi hadi kope. Sista akanipa maji ya kunawa, akafunga mlango wa ofisi yake, ndipo akanieleza.

Ilikuwa hivi. Kituo kilikuwa kinatuma sampuli za makohozi na damu Dar kwa basi. Majibu yalikuwa yanarudi kwa intaneti, kupitia programu maalumu waliyoletewa na mfadhili kwenye CD. Juu ya paa kulikuwa na dishi, ofisini kompyuta moja, na wa kuitumia alikuwa mtu mmoja, karani anaitwa Selemani, Mmwera wa Nkowe, baba wa watoto wengi na mcheshi kupita kiasi.

Sasa programu ile mchana kutwa ilikuwa inakataa. Inaleta maandishi mekundu: "Secure connection failed." Yaani imeshindwa kuunganika kwa usalama na seva, kompyuta kuu ya Dar.

Ikifika jioni, wenzake wameshaondoka, Selemani kabaki peke yake, programu inakubali na majibu yanashuka yote.

Wagonjwa wakaujua mchezo. Mtu anatoka Nambilanje kwa baiskeli, akifika mchana anaambiwa hakuna majibu, basi anasubiri mpaka jioni kwa Selemani. Na watu wa kwetu mnawajua, hawaondoki mikono mitupu kwa mtu aliyewasaidia. Huyu analeta kuku, yule mbaazi, yule korosho kidogo kwenye kitambaa.

"Nimeona kwa macho yangu kuku wamefungwa kwenye mguu wa benchi lake," Sista akasema. "Sasa wewe fundi niambie, ni kompyuta gani hiyo inayojua muda wa kutoka kazini?"

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

Akaendelea, "Nataka ujue anaifanya nini mchana. Bodi inakaa wiki hii. Ukinithibitishia, ataondoka, na nitasema wazi kwa nini."

Hapo nikaelewa kwamba sikuitwa kutengeneza kompyuta, nimeitwa kumshika mtu. Niseme ukweli, sikuipenda kazi ile, lakini nauli nilikuwa nimeshatumia.

Nikaenda kwa Selemani. Jamaa aliponiona na begi la vifaa alifurahi kama kaona ndugu.

"Karibu bwana fundi! Afadhali umekuja. Mimi nimechoka kuwaambia watu 'mtandao, mtandao', mpaka watoto wa hapa wananiita Baba Mtandao."

Akanitafutia kiti, akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa nakula mihogo ya mtu niliyekuja kumchunguza, na ilikuwa mitamu.

Nikaanza kazi. Intaneti ipo. Browser inafungua kila tovuti, hata zile za usalama zenye alama ya kufuli. Nikifungua programu, maandishi mekundu.

Najua kuna mkuu hapa ameshaanza kuandika "cheki tarehe na saa ya mashine". Tulia mkuu, niliangalia, hilo ndilo la kwanza. Tarehe sahihi, mwaka sahihi. Saa kwenye kona ya kioo ilikuwa saa nne na dakika zake. Nikatazama saa yangu ya mkononi, saa nne na dakika hizohizo. Nikaendelea na mengine.

Nikazima antivirus, ikakataa. Nikazima firewall, ikakataa. Nikaiondoa programu na kuiweka upya kutoka kwenye CD, ikakataa. Kila nikibadilisha kitu naifunga programu na kuifungua tena, kama ilivyo desturi yetu mafundi.

Jioni Sista akaja, akasimama nyuma yetu na mikono kaikunja. Ikapita saa kumi, ikapita saa kumi na moja. Nyekundu tu.

Selemani akaanza kushangaa mwenyewe. "Mbona leo? Siku zote saa hizi ingekuwa imeshakubali."

Sista akanitazama, halafu akamtazama yeye. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona? Ukiwepo wewe haikubali hata jioni. Akiwa peke yake inakubali."

Wakuu, hata mimi niliamini. Nililala nyumba ya wageni ya misheni nikijua kesho naandika ripoti ya kumwachisha mtu kazi. Roho iliniuma, maana watoto wake walikuja kunisalimia mmoja mmoja wakinishika mkono.

Asubuhi tukasubiri jenereta. Pale walikuwa wanabana mafuta, inawashwa saa nne. Ikawashwa, nikafungua programu, ikakataa kama kawaida. Nikaona nimpigie Jofrey, jamaa yangu wa Dar anayeifahamu ile programu.

"Saa ya mashine iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa. Saa nne na robo."

"Tarehe?"

"Ya leo."

"Basi tatizo siyo hilo. Nitumie logi niione."

Logi ni lile faili ambalo programu inajiandikia kila inachofanya na muda wake. Nikamtumia kwa email. Baada ya muda akapiga.

"Kaka, nimekuomba logi ya leo asubuhi, wewe umeniletea ya usiku. Saa kumi alfajiri ulikuwa unafanya nini na kompyuta za watu?"

"Saa kumi nilikuwa nimelala mimi."

"Mstari wa mwisho hapa ni 04:12."

"Ndiyo. Saa nne na dakika kumi na mbili. Ni hiyo ya sasa hivi."

Nikamsikia Jofrey akirudia namba zile kwa sauti ya chini. 

"Kaka," akasema taratibu, "saa nne asubuhi ni 10:12."

Nikageuka kutazama kona ya kioo. 4:31 AM.

Wakuu, nilikuwa nimeitazama saa ile tangu jana, na kila nikiitazama ilikuwa sawa. Saa nne inaonyesha nne, na saa yangu ya mkononi, mshale ukiwa kwenye kumi, naisoma nne kwa mazoea bila kufikiri. Hata ile AM niliiona, na asubuhi kweli ilikuwa asubuhi. Nilimsomea Jofrey kwa simu akasema sawa, kwa sababu nilimsomea kwa Kiswahili. Mashine ilikuwa nyuma saa sita kamili na wote tulikuwa tunaielewa vizuri tu.

Kwa ambao si mafundi nieleze kwa ufupi. Programu na seva zinaaminiana kwa cheti, na cheti kina muda wa kuanza na muda wa kuisha. Vyeti vya tovuti za kawaida vimetolewa miezi mingi nyuma, saa sita si kitu, ndiyo maana browser haikulalamika. Lakini programu hii ilikuwa na utaratibu wake: kila ukiifungua inachukua cheti kipya kutoka Dar, kinachoanza kutumika dakika ileile.

Dar wanatoa cheti kinachoanza saa nne asubuhi, yaani 10:00 AM. Mashine ya Ruangwa inajua sasa ni saa kumi usiku, 4:00 AM. Inakitazama cheti, inaona hakijaanza, inakikataa. Selemani anaiacha programu wazi, anabonyeza mara mojamoja. Saa sita zikipita, yaani saa kumi jioni, mashine nayo inafika 10:00 AM yake na cheti kinakubalika.

Na mimi jana kila nilipoifunga na kuifungua nilikuwa nachukua cheti kipya na kuanza kuhesabu saa sita upya. Ningekaa nakula mihogo tu ingekubali.

Nikamuuliza Selemani, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Saa ya hii mashine nani aliiweka?"

"Mimi!" akajibu kwa fahari. "Betri ya ndani ilikufa, ikarudi nyuma miaka mingi. Walipoweka betri mpya nikaiweka tarehe, nikaweka na saa. Niliiweka sawasawa."

Hapo ndipo nilipopata kazi, wakuu. Ukweli wangu wa kuandika ulikuwa huu: saa ya kompyuta ilibadilishwa na Selemani, na kwa sababu hiyo programu ikawa inakubali jioni tu. Wasomee bodi sentensi hiyo uone kama mtu atabaki kazini. Na kila neno ni la kweli.

Sikuigusa saa. Nikamwomba Selemani akawatulize wagonjwa nje, nikaenda kumwita Sista.

Alipoingia nikamuuliza, "Sista, samahani, sasa hivi ni saa ngapi?"

Akatazama kioo cha kompyuta. "Saa tano kasoro dakika tano."

"Sahihi kabisa," nikasema, nikaweka simu yangu kando ya kioo. Kioo kilikuwa 4:55, simu 10:55.

Akatazama huku, akatazama kule, akarudia. Nikamweleza yote, na sikumficha kwamba aliyeiweka saa ni Selemani. Akakaa kwenye kiti. 

"Ningeiweka mimi," akasema, "ningeiweka hivyohivyo."

Tukamwita Selemani. Nikarekebisha saa mbele yao wote wawili, nikafunga programu, nikaifungua. Majibu yakaanza kushuka, ya jana na ya leo, na printa ikaanza kulia. Mama mmoja wa Nambilanje aliyekuwa amekaa barazani tangu alfajiri akapewa karatasi yake kabla ya adhuhuri. Alikuwa haamini, akauliza kama kweli anaweza kwenda zake.

Selemani macho yalimjaa machozi. Akamgeukia Sista.

"Sista, Mungu akubariki sana. Watu walikuwa wananitisha, wanasema utanifukuza kwa ajili ya hii mashine. Kumbe wewe unanitafutia fundi wa kunisaidia."

 Sista aliinama akawa anaokota karatasi zilizoanguka chini ya printa, akaokota moja moja, taratibu, hata zilipokwisha hakuinuka upesi.

Ripoti niliandika mistari michache: saa ya mashine ilikuwa na makosa, imerekebishwa. Nani aliiweka sikuandika, na Sista aliisoma akaisaini bila kuuliza.

Funzo nililopata ni kwamba kitu kinaweza kusomeka sawa kwa wote mnaoongea lugha moja na bado kikawa na kosa. Mafundi, msimuulize mteja kama saa iko sawa. Mwambieni asome namba zote kama zilivyo, na AM au PM yake. Na ukiitwa kumshika mtu, itengeneze kwanza mashine.

Selemani sasa amestaafu, yuko kwake Nkowe. Nikipita lazima nile kwake, na kila safari anawasimulia wanawe na wajukuu jinsi Sista alivyomtetea, akagharimia fundi kutoka Nachingwea wakati watu wote wanamsema vibaya. Ananiomba niwathibitishie.

Nami nathibitisha.

Ingekuwa ni ninyi, wakuu, mngemwambia? Komenti ziko wazi, hata za matusi nitasoma.