Mkono wa Kushoto wa Radi

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja pale Kimamba, uwanja umejaa mpaka watu wamesimama juu ya baiskeli zao, na mimi kijana wa miaka ishirini na mbili najiona hakuna kama mimi. Radi alikuwa anaingia!

Wewe umemwona kwenye simu tu, tena video zenyewe za uzeeni. Sisi tulimwona akiwa moto. Mkata miwa wa Ruhembe, kifua wazi, joho la khanga nyekundu aliloshonewa na mkewe likiburuta vumbi. Haanzi pambano mpaka azunguke ulingo mzima, mikono yote miwili juu, akiwaamkia wazee: "Shikamooni!" Uwanja wote, hata watoto wasiostahili kuamkiwa, unaitikia, "Marahabaaa!" Mwili ulinisisimka, na hadi leo nikisimulia unanisisimka.

Mieleka yetu, kama yenu, ilikuwa ya maonyesho. Nani ataanguka tulishapanga tangu asubuhi, tukafanya mazoezi juu ya magunia ya katani tuliyojaza pumba za mpunga. Siku ile nilitakiwa nimnyanyue mara moja, nimshushe kwa mgongo taratibu, kisha yeye ainuke animalize. Basi, hakuna zaidi.

Lakini Kimamba ni kwetu. Nilipomnyanyua, watu wa mtaani wakaanza kuliita jina langu. Mama yangu mdogo alikuwa juu ya benchi anapunga kitenge! Mwanangu, nililewa sifa. Badala ya kumshusha nikambwaga kwa nguvu zangu zote. Bega lake likalia "ko!" na hakuna aliyesikia ila sisi wawili, kwa jinsi watu walivyokuwa wakishangilia.

Angeweza kunivunja pale pale, na sababu alikuwa nayo. Akainuka, uso umelowa jasho, akaushika mkono wangu kwa mkono wake wa kulia, akauinua juu. "Kimamba, huyu ni mtoto wenu!" Vifijo vikazidi. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Nyuma ya ulingo nilimkuta amekaa juu ya gunia, mkono wa kushoto unaning'inia. Kicheko kikaniisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Uliponinyanyua, mimi nilikuwa nimeshika nini?"

"Hukushika kitu, kaka."

"Basi shingo yangu, mgongo wangu, baba wa watoto wangu, vyote ulivibeba wewe. Nilikupa kwa sababu nilikuamini. Siku nyingine ukimnyanyua mtu, usiwasikilize watazamaji mpaka umemtua."

Hakumwambia mtu yeyote. Mkono ule haukupanda tena juu ya bega mpaka anafariki, Mungu amrehemu. Alipigana miaka mingi baada ya hapo, Kilosa, Mikumi, hadi Vidunda kule mlimani, akiingia na mkono wa kushoto umeshika kiuno, wa kulia peke yake ukiwaamkia wazee. Watu wakadhani ni mbwembwe mpya. Wakaipenda! Vijana wakaiga, na watoto wa vijana hao wakaiga.

Jana nilikuona mazoezini unaingia hivyo hivyo, mkono kiunoni, kidevu juu, wenzako wanakurekodi. Nilifurahi nikapiga makofi, kisha aibu ikanishika. Hilo pozi unaloringia, mwanangu, nilimpa mimi kwa ujinga wangu.

Keshokutwa unapanda ulingoni Mikumi na rafiki yako. Ringa! Watu wanakuja kuona hivyo. Ila ukimnyanyua mwenzako, ziba masikio mpaka mgongo wake uguse chini salama. Makofi yatakusubiri, na yasipokusubiri, yaache yaende. Mtu akikuamini na mwili wake, hakuna kelele za uwanja zinazozidi hilo.

Mungu akulinde, mwanangu, na amlinde kila atakayejiweka mikononi mwako. Na utakapowaamkia wazee wa Mikumi, nakuomba uutoe huo mkono kiunoni. Inua yote miwili, juu kabisa, uinue na ule wa Radi.