Nyumba ya Mabubu

Nilizaliwa Ipuli, Tabora, na nilizaliwa na mdomo. Mama alikuwa akisema kwamba watoto wa wenzake walianza kwa kutambaa, mimi nilianza kwa kujibu. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara ujanani mwake, akabeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na nguo na habari, na kila nilipogombezwa kwa domo langu alinitetea. "Mwacheni," alisema. "Huyu mzigo wake ni maneno, na bado hajafika kambini." Nilimpenda sana babu yangu.

Basi mtu wa namna hiyo akaja kuambiwa anyamaze siku tatu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vile vikubwa vya pili, na nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa kijana wa Bukene, fundi wa reli, mpole, mtu wa maneno machache. Nilimpenda kwa sababu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulijaribu. Lakini padre wetu alikuwa na sharti lake: msichana hatangazwi ndoa kanisani mpaka apitie mafunzo kwa masista. Hayakuwa mafunzo ya kupika wala ya kushona, maana hayo tulikuwa nayo. Yalikuwa mafunzo ya kujijua.

Kila Jumamosi tulikaa mkekani, wasichana kama kumi hivi, mbele ya Sista mmoja wa Kizungu aliyekaa Unyamwezi miaka mingi hata tukasema anapiga chafya kwa Kinyamwezi. Alitufundisha kutulia, kuisikiliza pumzi ikiingia na kutoka, kushika neno moja la sala na kukaa nalo bila kulikimbilia la pili. Jioni kabla ya kulala tulitakiwa tujiulize: leo nilikuwa nani?

Siku ya kwanza alituuliza mmoja mmoja, "Wewe ni nani?" Tukajibu vizuri kabisa. Mimi ni binti wa fulani, mjukuu wa fulani, kwetu ni mahali fulani. Sista akatikisa kichwa.

"Sikumuuliza baba yako. Nimekuuliza wewe."

 Ukimwondoa baba, ukamwondoa babu, ukaondoa na kwenu, hapo anabaki nani? Tuliona Sista anatuonea. Nikanyoosha mkono nikamweleza kwamba swali lenyewe lina kasoro, nikaanza kumtajia kasoro zake. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Wewe, mwanangu, zile siku za kimya zitakufaa kuliko wote."

Siku za kimya ndizo zilikuwa za kufunga mafunzo. Tulihamia kwa masista na mikeka yetu, na sheria ikasomwa. Ulimi hauna kazi ila kula na kupokea komunyo. Macho, mikono na magoti ni ruhusa. Atakayetamka neno hata moja anarudi kwao, atasubiri kundi jingine baada ya mavuno, na ndoa yake itasubiri pamoja naye. Tulidhani ni vitisho tu. Siku ya kwanza hiyo hiyo msichana mmoja akaona mdudu mrefu anapita chini ya benchi, akapiga kelele, "Nyoka!" Wote tukaruka. Tulimshukuru moyoni, na alipofungasha mkeka wake akilia tulimpungia mikono bila sauti. Sista alimsindikiza mpaka barabarani, akamkumbatia, lakini hakumrudisha.

Nikaelewa kwamba mchezo haupo.

Siku ya pili asubuhi tulikuwa uani tunachambua maharage. Sista ameitwa zahanati kwa mgonjwa. Mara tukasikia nje ya ua:

"Hodi!"

Hakuna wa kujibu "karibu". Tukaangaliana.

"Hodi humu!"

Kimya. Nadhani hakuna jambo gumu kwa mtu wa kwetu kama kusikia hodi akaiacha hewani. 

"Hodi, jamani, wenyewe hamumo?"

Mgeni wa kawaida akikosa jibu mara tatu huenda zake. Huyu aliingia. Alikuwa mama wa makamo, kajifunga khanga mbili, kapu kichwani, miguu ina vumbi la kutoka stesheni. Nilipoona paji lake la uso nikaacha kuchambua, kwa sababu paji lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa la mchumba wangu, limevikwa kilemba.

Ieleweke kwamba hakutakiwa kuwa pale. Mahari ilikuwa bado haijakamilika, na mama wa bwana harusi haji kumchungulia mchumba wa mwanawe kabla wazee hawajamaliza yao. Baadaye nilijua aliwaaga majirani kwamba anakwenda Tabora kununua nguo. Alikuja kwa kujiiba, na kwa sababu hiyo asingethubutu kukanyaga kwetu Ipuli. Alikuwa amesikia tu kwamba binti yuko kwa masista.

Alisimama akasubiri shikamoo. Mkubwa hasalimii kwanza. Akasubiri, nasi tukamtazama kama mbuzi.  Kutomwamkia mkubwa yeyote ni utovu wa adabu. Kutomwamkia mama mkwe ni kujivunjia nyumba kabla haijajengwa. Na nikimwamkia, ndoa inakwenda baada ya mavuno, na huyu mama atakuwa wa kwanza kujua kwamba mkwe wake amefukuzwa kwa domo.

Ndipo nikakumbuka jinsi bibi zangu walivyomwamkia mtemi. Nikapiga magoti chini, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nzito. Wenzangu wakaona nimepata njia, wote wakapiga magoti, uani kote makofi. Mama yule akashika kifua.

"Mayo, mama yangu! Na ninyi nyote?" Akatuangalia mmoja mmoja kwa huruma. "Hata wewe mrefu? Hamsemi?"

Tukatikisa vichwa. Ilikuwa kweli, hatusemi.

"Masikini. Mnasikia, lakini hamsemi."

Tukakubali kwa vichwa. Nikaona jambo linakamilika machoni mwake. Misheni ilikuwa na nyumba ya yatima, ilikuwa na nyumba ya wazee wasio na watu. Kwa nini isiwe na nyumba ya mabubu? Akashusha kapu, akauliza kwa sauti kubwa, kama watu wanavyofanya wakidhani kelele inasaidia, "YUPI KATI YENU KAPOSWA NA KIJANA WA BUKENE, WA RELI?"

Vidole vyote vikanigeukia. Yule mrefu alininyooshea viwili.

Alinichukua pembeni, tukakaa nyuma ya jiko la masista.  Kisha akatoa matobolwa kwenye kapu, viazi vyake vya kukausha ambavyo alikuwa amevichemsha nyumbani, akanipa nile. Nikala. Akaanza kusema.

"Basi mwanangu kanificha hili. Mimi niliambiwa yule binti wa Ipuli anasema mpaka kuku wanahama. Nikasema, ngoja niende mwenyewe nimwone, nimkatae kwa macho yangu. Leo nilikuja kukukataa, mwanangu. Kumbe watu ni waongo."

Nikatia tobolwa jingine mdomoni, lisije neno likaponyoka.

Angeishia hapo ningecheka kimoyomoyo mpaka jioni. Lakini mbele ya mtu asiyeweza kurudia neno, yule mama alifunguka. Aliniambia kwamba mumewe aliondoka kwenda kuwa manamba, kukata mkonge huko Tanga, mwanawe akiwa bado ananyonya. Alisema atarudi na cherehani. Hakurudi yeye wala cherehani, na hakuna aliyeleta habari kama yu hai au amekufa. Watu wa Bukene walisema sana, wakachoka, wakahamia mambo mengine.

"Kila treni ikisimama mimi natoka na karanga zangu," alisema. "Wanasema mama fulani ana bidii ya biashara. Biashara gani? Naangalia nani anashuka. Hata mwanangu hajui. Na sasa mwanangu naye kaingia kwenye reli hiyo hiyo. Nikaogopa. Nikasema, akioa mwenye maneno mengi, atamvuta kwa maneno mpaka Dar es Salaam, nami nitabaki na treni."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Nilikuwa na ya kumjibu. Yalikuwa mengi na mazuri, ya kumfariji, ya kumwapia, hata methali mbili tatu. Yote yakaja mpaka kwenye meno, nikayafungia hapo. Na kwa kuwa sikuweza kusema nikaanza kumsikia. Sijui nieleze vipi. Siku zote mtu aliponiambia jambo, mimi nilikuwa tayari nashona jibu kabla hajamaliza. Siku ile sikuwa na la kushona. Nilimwona tu, mama mmoja mwenye kapu la karanga, na nikampenda papo hapo, kwa nguvu iliyonishangaza. Nikashika mikono yake.

"Wewe nimekukubali," akasema akiinuka. "Kesho narudi na treni ya mchana. Afadhali asiyesema. Mimi nimesemwa vya kutosha."

Jioni ile katika tafakuri nilipofika kwenye swali la "leo nilikuwa nani?" jibu lilikuja haraka: leo nilikuwa bubu aliyekubaliwa. Shida ni kwamba aliyekubaliwa hakuwa mimi. Mwenye domo alikuwa bado amekataliwa, na bubu angeishiwa muda wake kesho adhuhuri. Nikimwacha apande treni na furaha yake, atakuja kunisikia siku ya harusi mbele ya ukoo mzima, na hapo hata mimi nisingejisamehe. Nilimwomba Mungu treni ichelewe. Kwa reli ya siku zile haikuwa sala kubwa sana.

Siku ya tatu kengele ya adhuhuri ikalia. Wenzangu walilipuka kama ndege mpungani, yule mrefu akilia kwa furaha ya kusikia sauti yake mwenyewe. Sista akatuweka mstari, akaanza tena na swali lake la mwanzo, taratibu, mmoja mmoja. Nilikuwa wa mwisho, na kwa mbali nikasikia filimbi ya gari moshi. Nikavunja mstari.

"Na wewe," akaniuliza, "wewe ni nani?"

"Sista, mimi ni mkwe wa mtu, na treni inaondoka!"

Naambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona, nilikuwa nimeshafika barabarani, khanga mkononi, nakimbia mpaka stesheni.

Nilimkuta jukwaani, ameinama anafunga kapu lake. Watu wanapanda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika nilibaki na moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea kufunga kamba. Kisha mikono yake ikasimama. Akainuka polepole.

"We! Wewe ni nani?"

"Ni yule bubu wako, mama."

Sijawahi kuona uso ukipitia mambo mengi hivyo kwa mpigo. Nikamweleza mbio mbio, siku tatu, Sista, sheria, nyoka, mavuno. Na maneno yalipoanza kutoka hayakujua kusimama, nikamweleza na babu na misafara. Abiria walichungulia madirishani. Yeye akanikazia macho.

"Ndiwe yule wa kuku kuhama."

"Ndiye mimi, mama."

"Na yale niliyokueleza nyuma ya jiko?" Sauti yake ilishuka mpaka nikamwona anaogopa. "Utakwenda kuyasema?"

Nikafunga mdomo. Nikapiga magoti pale pale jukwaani, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole kama jana.

Aliniacha chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa adhabu. Kisha akaanza kucheka, akaniinua kwa mkono, akanijazia karanga kwenye upindo wa khanga mpaka treni ikaanza kusogea na watu wakamvuta ndani.

Tulifunga ndoa kabla ya mvua. Mume wangu hakuyasikia yale kwangu. Alikuja kuyasikia kwa mama yake mwenyewe, uzeeni. Mimi nikahamia Bukene, na kwa miezi ya mwanzo nikaona cha moto. Mume alipelekwa kazini njia ya Kigoma. Wanawake wa pale waliniona msichana wa mjini, kila nikisema wanacheka matamshi yangu. Nikapunguza maneno, nikayapunguza tena, mpaka siku moja nikatwanga kutwa nzima bila kutoa neno. Nilikuwa nalia, lakini nilijifanya ni moshi wa mboga iliyokuwa motoni.

Mama mkwe aliingia jikoni jua likielekea kuzama, kapu la karanga mkononi, tayari kwa treni ya jioni. Akanitazama. Akaweka kapu chini, akaninyang'anya mchi, akapindua kinu akakikalia. Kisha akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, akaweka kidole midomoni.

"Leo bubu ni mimi," akasema. "Haya, mwanangu, sema."

Nikasema. Nilisema mpaka mboga ikaungua, na hakunikatiza hata mara moja. Treni ikapiga filimbi, ikasimama, watu wakashuka, tukasikia vishindo na kelele zao hadi pale jikoni. Yeye hakutoka nje.