Pikapu Iliyotetemeka Njia ya Ahero

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na jana ulipokuwa umeketi hapa ukinieleza habari za mkeo, ilinirudia yote, hata harufu ya viti vipya. Sikukujibu. Mama yako alidhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia, nilikuwa kwenye barabara ya Ahero, ndani ya pikapu ya mjomba wangu, na usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwangu. Leo nataka nikupeleke huko, kisha tutarudi kwa mambo yako. Usiniharakishe. Nimeendesha magari miaka mingi na sijawahi kumpenda abiria anayeangalia saa.

Unajua kwamba nililelewa na kaka ya mama. Baba alipofariki, mjomba alikuja Asembo akanichukua, akaniweka kwake Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, pamoja na wanawe, akanisomesha kadiri alivyoweza, na baadaye akanifundisha kuendesha gari. Mimi nilimwita Nera, ndiyo mjomba kwa Kijaluo, naye aliniita okewo, yaani mtoto wa dada yake. Okewo ana raha zake katika nyumba ya mjomba. Anataniwa, anapendwa, anaingia jikoni akajipakulia nyama na hakuna wa kumkemea. Lakini boma si lake, na yeye analijua hilo hata usiku akiwa amelala. Mimi nililijua vizuri sana.

Nera alikuwa mtu wa samaki. Alfajiri gari lake liliondoka Nyamasaria likiwa tupu, likapita Ahero na Katito, likateremka hadi Kendu Bay. Likirudi lilikuwa limejaa masanduku ya samaki na barafu, na juu yake magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Pikapu yake ya zamani iliwahi kuvunjika springi za nyuma pale Katito siku ya soko, jua likiwa kali, na mzigo wote ukaoza akiutazama. Alikaa kando ya barabara akipunga inzi kwa kofia yake. Nadhani hakuna jambo la kibiashara lililomuuma kama lile, na tangu siku hiyo akawa anaogopa springi kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Kwa hiyo aliponunua pikapu mpya, miaka ya themanini ikielekea mwisho, hakuileta nyumbani moja kwa moja. Aliipeleka kwanza kwa fundi wa jua kali, wale wa kando ya barabara, akaongezewa chuma kimoja cha springi kila upande wa nyuma. Usimcheke. Wakati ule kila mtu wa samaki alifanya hivyo. Ungeiacha pikapu na springi zake za kiwandani, wenzako wangekuuliza kama umeinunua ya kubebea maua. Gari likafika nyumbani limeinua mgongo, zuri ajabu. Mchungaji akaliombea, tukala kuku, kisha Nera akasimama mbele ya watu wote akanipa funguo mimi. Hakuwapa wanawe, alinipa mimi. Ouma, kifungua mimba wake, alinipongeza, ila alicheka kwa meno tu.

Mimi ndiye niliyelitoa gari lile nje ya mji kwa mara ya kwanza. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Ukishapita Nyamasaria, barabara inanyooka katikati ya tambarare ya Kano, mashamba huku na huku, na kijana mwenye gari jipya hawezi kujizuia. Nilikanyaga mafuta. Gari lilipofikia mwendo fulani, kitu kilianza kunguruma chini ya kiti. Kikapanda kwenye sakafu, kikaingia kwenye usukani, na kioo cha pembeni kikatetemeka mpaka nisione kitu nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, kimya. Nikiongeza, kinarudi. Kando yangu alikuwa Mama Atieno, mjane aliyekuwa akinunua samaki pamoja na Nera na kusafiri nasi kila siku. Alishika taya lake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika mlango. Alikuwa mtu wa kusema baadaye.

Jioni tulirudi na mzigo. Niliendesha polepole kwa sababu ya barafu, na sikusikia kitu. Nikajiambia kwamba shida ni mwendo tu. Hata hivyo nilimweleza Nera, naye kesho yake akalijaribu gari mwenyewe mpaka Ahero na kurudi, likiwa tupu. Aliporudi alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kufungua mlango. Mwanangu, mwelewe. Jasho lake lote lilikuwa ndani ya kile chuma.

Basi tukaanza kuzunguka Kisumu kutafuta dawa. Fundi wa kwanza alisema ni tairi, akazibalansi. Likatetemeka. Wa pili alihamisha magurudumu ya mbele akayapeleka nyuma, na ya nyuma akayaleta mbele. Likatetemeka vilevile, labda kwa ukarimu zaidi. Tuliazima tairi za jirani, tukafunga. Tulinyoosha magurudumu ya mbele. Mama mmoja wa mtaani alisema kuna mtu ameliangalia gari kwa jicho baya, na mke wa Nera akamwita mchungaji kwa mara ya pili. Mchungaji aliomba kwa bidii, kisha akapewa lifti, na alipofika Ahero alikiri kwamba kweli linatetemeka. Kila fundi alilipima gari likiwa tupu. Nani angelipeleka gereji likiwa na samaki?

Fundi wa mwisho alilala chini ya gari kwa muda, akatoka akipangusa mikono. Alisema mtetemo unatoka kwenye propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Hapo alisema kweli. Lakini akaongeza kwamba pengine limegongwa chini, kwenye jiwe au shimo, na dereva amenyamaza.

Nera hakuniuliza pale gereji. Aliniuliza nyumbani, tumeketi kwa chakula, wanawe wote wapo.

"Okewo, uligonga nini?"

"Sijagonga kitu, Nera."

"Wewe niambie tu. Mimi siwezi kukasirika. Chuma haiwezi kujikunja yenyewe."

"Nera, haki ya Mungu, sijagonga kitu."

Akanyoosha mkono juu ya meza. Sikuelewa mara moja anataka nini. Ouma ndiye aliyeniambia, kwa upole kabisa, kwamba Baba anataka funguo. Nilizitoa mfukoni nikaziweka kwenye kiganja chake. Nilimaliza chakula changu kwa sababu nilifunzwa kutoacha chakula, lakini sikujua ninakula nini. Usiku ule ndipo nilipofahamu kwamba ukiitwa mwongo na mtu aliyekulea, hata kitanda ulichokizoea kinakuwa cha watu.

Ouma akaanza kuendesha. Gari likatetemeka kwake pia, nao wakasema uharibifu ulikuwa umeshafanyika. Hakuna nilichoweza kusema ambacho kingenisaidia. Nikinyamaza, nimekiri, nikikana, ni mkaidi. Niliamua kwamba wiki ikiisha nitarudi Asembo kwa mama, na nisingeaga.

Kabla ya wiki kuisha, mama mmoja wa kanisa letu alifiwa na baba yake huko Nyakach, mbele ya Katito. Unajua kwetu mwenye gari halali siku ya matanga. Nera aliamua kuendesha mwenyewe. Akina mama wa kanisa walipanda nyuma na sufuria zao, mkungu wa ndizi na magunia mawili ya mahindi, wakajazana mpaka gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Mama Atieno alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, miguu ikining'inia, kwa kuwa sikutaka kuonana macho na mtu.

Tulikuwa tumechelewa, na Nera akakanyaga mafuta. Tulipita Rabuor, tukapita Ahero, akina mama wakiimba nyimbo za msiba. Nilikuwa nasubiri ule mtetemo kwa uchungu, nikijua ukianza wote watageuka kunitazama. Haukuanza. Nilidhani nimeshindwa kuusikia kwa sababu ya nyimbo.

Tulimzika mzee, tukala, na jioni tukaanza kurudi. Wengine walibaki kwa wafiwa, na mahindi na sufuria vikabaki. Pale Ahero wakashuka karibu wote waliokuwa wamesalia. Nera akaja nyuma kufunga mlango, na Mama Atieno akatoa kichwa dirishani. Siku ile ndiyo aliyoichagua kusema.

"Baba Ouma, mimi nauliza. Hii gari asubuhi ikienda Kendu Bay inanitingisa mpaka meno. Tukirudi na samaki, nalala mpaka Nyamasaria. Leo tumeenda na mbio, na sijasikia kitu. Kwani ni gonjwa la asubuhi peke yake?"

Nera alisimama na mkono wake juu ya mlango. Alinitazama, kisha akawatazama wale wanawake waliokuwa wakivuka barabara na viatu vyao mikononi. Akaniambia nije nikae mbele.

Tuliondoka Ahero, gari karibu tupu. Nera alikanyaga taratibu, akaufikia ule mwendo, na kitu kikaanza kunguruma chini ya kiti. Hakupunguza. Alikiacha kitutetemeshe sote watatu kwa muda, akisikiliza, kisha akaegesha kando ya barabara. Alishuka akaenda nyuma, akapiga magoti na suti yake ya matanga, akainama kutazama. Nilimfuata. Hakuwa anaangalia propela. Alikuwa anaziangalia zile springi alizoziongeza, zimeusimamisha mgongo wa gari juu hivi, na propela imelala kwa mshazari kama mtu aliyelazwa kwenye kitanda kifupi. Gari likijaa, mgongo unashuka na propela inanyooka. Likiwa tupu, propela inazunguka imepinda, na mwendo ukikolea, lazima iteteme.

Alikaa chini pale pale kwenye majani. Nilidhani anaumwa.

"Mimi ndiye nimeiweka hii springi," alisema. "Kabla hata hujagusa gari."

Nilikuwa nimengoja neno lile kwa hasira, na lilipokuja sikuona raha hata kidogo. Niliona mzee aliyewahi kukaa kando ya barabara akipunga inzi, na niliona kwamba alikuwa ametaka tu jambo lile lisimpate tena. Mama Atieno alifungua mlango, akatuambia kwamba jua linatua na yeye ana miguu mibovu.

Kesho yake zile springi za nyongeza zilitolewa. Tukatoka na gari tupu mpaka Ahero, mimi na yeye, na usukani ukatulia. Usiku uliotangulia alikuwa amenirudishia funguo mezani, kwenye chakula, mbele ya wanawe wote, mahali palepale alipozichukulia. Na maneno yake ndiyo yaliyonifanya nikuite leo. Alisema, "Okewo, nilikuuliza umegonga nini. Ingefaa nikuulize inatetemeka wakati gani." Ouma akainamisha kichwa. Baadaye alikuja chumbani kwangu na soda mbili, tukanywa pamoja, na mpaka leo ni ndugu yangu.

Kimoja cha vile vyuma Nera alikiweka nyuma ya mlango wa sebule. Mtu akija kwake na mashtaka juu ya mwenzake, macho yake yalikwenda kule kwanza. Alipofariki, wanawe walinipa mimi. Ndicho hicho ambacho mama yako hukiweka kuzuia mlango wakati wa upepo.

Sasa turudi kwako. Jana ulisema mkeo amebadilika. Ulisema amekuwa mkali, na pengine dada zake wanamfundisha, na kwamba ulimwambia hivyo mbele yao. Ulinitajia "nani" mara nyingi, mwanangu, lakini "wakati gani" hukuutaja hata mara moja. Nenda ukauangalie. Je, ni mkali kila siku, au ni zile siku unazoingia nyumbani usiku kutoka kwenye ile kazi yako ya pili, huna neno, huna kicheko, umebaki mtupu? Kazi ile uliiongeza mwenyewe, na najua uliiongeza kwa mapenzi, ili yeye na watoto wasikose kitu. Sikulaumu. Nakuomba tu upige magoti utazame chini, hata kama umevaa suti.

Kwa hiyo usimnyooshee mkeo mkono akurudishie funguo. Ukiona kitu chako kinatetemeka, uliza kinatetemeka wakati gani kabla ya kuuliza nani amekiharibu, na uanze kutafuta kwenye vile ulivyoviongeza wewe. Ukikuta kosa ni lako, liseme mezani, mbele ya walewale waliosikia ukimshtaki mwenzako. Dada zake walisikia, sivyo? Basi wao pia wasikie.

Mungu wa Nera na wa mama yangu akutangulie barabarani. Akupe masikio ya Mama Atieno na magoti ya mjomba wangu. Nyumba yako itulie, ikiwa imejaa na hata ikiwa tupu. Nenda sasa, usingoje giza, umkute mkeo bado yuko macho.