Mansa au Kashikishi

Mama alipokufa, kila mtu alijua mahali tulipopaswa kuhamia. Mchungaji alijua. Jirani aliyeazima jembe letu akalirudisha bila mpini alijua. Wanawake waliokuja kulia, wakanywa chai yetu mpaka sukari ikaisha, nao walijua. Mansa, walisema wote. Mansa kuna lami, kuna hospitali kubwa, kuna umeme, kuna sekondari za kuchagua, na yuko baba yenu mdogo. Niliwasikiliza nikiwa nimeketi chini, kitambaa kichwani, na nikawachukia kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

Tulikuwa watatu. Mimi ndiye mkubwa, niliyeacha shule darasa la sita ili mama apate mtu wa kumwachia nyumba alipokwenda ziwani. Aliyenifuata ni mvulana wa miaka kumi na mitano, mwenye akili za darasani na mdomo mchafu. Wa mwisho ni msichana wa miaka tisa. Baba alikufa upande wa Kongo kabla hatujavuka. Tuliishi katika makazi ya wakimbizi, ndani ya msitu, ambako tulipewa shamba, na shamba lile lilitupa mihogo, basi. Kilichotulisha kweli ni chisense, samaki wadogo wa Ziwa Mweru. Mama aliwanunua wabichi Kashikishi, akawaanika palepale ufukweni, kisha akawaleta makazini kwa magunia. Bila yeye kwenda na kurudi, tusingeweza kubaki pale. Ilibidi tuhame: ama Mansa kwa baba mdogo, ama sokoni Kashikishi, kwenye kazi ya mama.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na sikumwambia mtu. Ni wapi tutakaa watatu chini ya paa moja? Nilikuwa nimeona watoto wa marehemu wakigawanywa. Nyuma ya nyumba yetu walikuwako wanne, na baada ya matanga kila ndugu alichukua mmoja, kama watu wanaogawana sahani. Yule mdogo kabisa alipoletwa kusalimia mwaka uliofuata, alimpa dada yake mkono kama anavyopewa mgeni.

Baba mdogo alitupeleka Mansa kwanza, tukaone. Yeye alivuka zamani, kabla ya vita vyetu, na alikuwa akifyatua matofali ya saruji na kuyauza. Tulifika mwisho wa mwezi, watu wamepokea mishahara, mji mzima unacheka. Mke wake alituita wanangu. Alichinja kuku. Aliomba sala ndefu juu ya kuku huyo, akamtaja mama yetu kwa majina yake yote. Kisha akafuta mikono na kutuonyesha mahali pa kulala.

"Huyu kijana atalala na bavulana bangu," alisema. "Na huyu mudogo, kule nyuma, karibu na jiko. Kuko joto. Atanisaidia na mutoto."

"Na mimi?"

"We uko mutu mukubwa sasa, mwanangu. Kuko mama moja wa kanisa letu, ule wa nyumba ya geti nyeusi. Anatafuta musichana wa kazi. Mutu wa Mungu kabisa."

"Nitalala kwake?"

"Donc ulale wapi?" Akacheka taratibu, akinishika bega.

Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, lakini hakuna aliyenitisha kama mwanamke yule mwenye sauti tamu. Mdogo wangu wa kiume hakusikia lolote. Alikuwa sebuleni chini ya taa, amefungua vitabu vya binamu zake, anasoma kwa midomo. Nikamwangalia na nikajua kwamba vita vyangu havitakuwa na baba mdogo peke yake.

Nilipokataa kujibu, baba mdogo alikasirika. "Bon. Twende nikuonyeshe muji wako, usiseme nilikuficha."

Akatupeleka Kashikishi, na alichagua wakati wake vizuri. Ilikuwa miezi ile ya mvua ambayo serikali inafunga uvuvi ili samaki wazae. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa ufukweni. Meza za samaki zilikuwa tupu, nzi wamehama. Wanaume walicheza bao la vizibo vya chupa tangu asubuhi na kugombana juu ya kila kizibo. Kijana mmoja alinisalimia kwa neno ambalo siwezi kuliandika, wenzake wakampigia makofi.

"Unaona?" Baba mdogo alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. "Ni hapa njo unataka kuleta batoto ya kaka yangu? Bakule nini? Maji?"

Karibu na maji wanawake walikuwa wakifagia mchanga. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kimezungushiwa mawe, na alikifagia kama sebule. Waling'oa nyasi zilizochipua kwa mvua, wakazoa majani na vinyesi vya mbuzi, ingawa hapakuwa na samaki hata mmoja wa kuanika.

"Banafagia muchanga!" Baba mdogo alijishika tumbo. "Mungu wangu. Batu ya hapa beko wazimu, na njaa imebamaliza."

Alikuwa mtu wa matofali, hakujua. Mimi nilijua, kwa sababu mama alinichosha kwa habari hizo. Kwenye ufukwe ule hakuna mtu mwenye karatasi ya mahali pa kuanikia. Pako ni pako kwa sababu unapafagia, hata miezi ya kufungwa, na hasa miezi hiyo. Nyasi zikishika, umeondoka. Wala hapafagiwi na mtoto kwa niaba yako, wala na mtu wa kukodi. Watu wanataka kuona mgongo wa mwenyewe umeinama.

Nikatafuta mahali pa mama. Nilipakuta, na nilimkuta mwanamke mnene mwenye kovu kidevuni akipafagia pamoja na pake.

"Mayo, hapa ni pa mama yangu," nilimwambia, nikimwita mama kwa lugha ya pale.

Hakuacha kufagia. "Mama yako iko wapi?"

"Alikufa."

"Basi. Mutu ya kufa hafagii."

"Niko mimi."

"We ni nani? Mukongo tu. Leo hapa, kesho na gunia ku kichwa mpaka Puta, unavuka kwenu." Wenzake wakacheka. Akanitazama mikono. "Laini vile! Iwe we, nenda Mansa ukauze sabuni ya bibi-harusi."

Nilivunja tawi la kichaka, nikainama, nikaanza kufagia upande wa pili wa mahali pale pale. Tulifagia tukielekeana mpaka vichwa vyetu vikakaribia kugongana. Nyuma yangu nilimsikia baba mdogo akiniita kwa jina, kisha akiniita mjinga.

"Awe, basi," mwanamke alisema mwishowe, akijinyoosha. "Unataka, fagia. Kila siku. Mvua inyeshe, uumwe, ufiwe, fagia, mpaka mitumbwi ya kwanza irudi. Siku moja nikute hapajafagiwa, panakuwa pangu, na usinililie."

"Sawa."

"Na takataka yako usilete kwangu, mukorofi we."

Pale pale niliamua. Mansa niliiona siku imeshiba, na ilikuwa imekwisha kutugawa. Kashikishi niliiona ina njaa, ikanitukana mbele ya watu, na katika matusi yake yote haikumtaka ndugu yangu hata mmoja.

Baba mdogo hakuninong'oneza laana yake, aliitoa sokoni, kwa sauti. Alisema nimewazika wadogo zangu wakiwa hai. Alisema tukifa njaa tusimpigie simu. Halafu akamgeukia mdogo wangu na kumwambia, "We, mwanaume, una akili. Namba yangu unaijua," akampa kitu mkononi. Nilidhani ni peremende.

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka, kwa mama mwenye nyumba aliyetuambia kabla ya salamu kwamba Bakongo wana kelele na wanamaliza maji. Mdogo wangu alikataa kubeba hata sufuria. "Umetuuza kwa muchanga, yaya," alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Nilimwandikisha shule ya hapa. Akasema ni shule ya wavuvi. Nikipika bukari, ugali wetu, alisema imeiva vibaya. Yule msichana mdogo alicheka kila kaka yake alipotukana, na hilo lilimpa nguvu.

Nilifagia. Nilifagia na homa, nilifagia radi zikipiga juu ya ziwa na kila mwenye akili amekimbia. Mwanamke wa kovu alikuja kila asubuhi kukagua kipande changu kwa macho, akitafuta jani. Akilipata, aliliokota kwa vidole viwili, akaliinua juu, na kuwaonyesha wenzake. "Mutazame, mwebantu, hii njo usafi ya Kongo." Sikuwahi kumchukia mtu kwa bidii namna ile, na sikuwahi kuamka mapema namna ile.

Zilikuwa zimebaki siku chache uvuvi ufunguliwe, mama mwenye nyumba akanifuata ufukweni. Nilishangaa, maana hakuwa mtu wa kutembea. "Ule kijana yako mwenye kiburi," alisema, "amepanda basi ya Mansa. Na mufuko. Mi nasema tu, chumba ni chenu watatu, asirudi usiku kunipigia mulango."

Nilisimama na ufagio, nikaelewa kwamba alichopewa mkononi siku ile kilikuwa nauli. Nikimfuata, sitakuwa nimerudi kesho asubuhi. Nisipomfuata, basi tumegawanywa, na safari hii bila mtu wa kumlaumu.

"Mayo," nilimwambia mwanamke wa kovu, "nifagilie mpaka nirudi."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Mi pia niko na batoto." Hakupandisha sauti. "Nenda kama unaenda. Unanisimamia ku njia."

Niliuza gunia la mwisho la mihogo mikavu tuliyoleta kutoka makazini, nikamchukua mdogo wetu, tukapanda. Ilikuwa mvua njia nzima. Mofwe, lile ziwa dogo kando ya barabara, ilikuwa imejaa mpaka majani yanasimama majini, na kondakta alitukemea kwa sababu mtoto alitapika dirishani badala ya kwenye mfuko.

Nilimkuta ndugu yangu uani kwa baba mdogo, ana saruji kwenye nywele, anafyatua matofali. Binamu zake walikuwa wanaingia getini na sare za shule.

"Na shule?" nikamuuliza.

"Muhula ya kuja. Baba mudogo amesema." Hakuniangalia usoni. Aibu ilimfanya mkali zaidi. "Sirudi. Usipoteze bure nguvu."

Baba mdogo alitoka. "Anajifunza kazi. Kuko ubaya gani?"

"Karibu chai, mwanangu," mke wake aliita kutoka ndani.

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuchukua mtu wangu."

"Mutu yako!" baba mdogo alisema. "We ni mama yake?"

"Hapana. Ni mimi niliyebaki."

Nikakaa juu ya rundo la matofali, mdogo wetu magotini. Mvua ikaanza tena. Mke wa baba mdogo akasema tuingie, majirani wanaangalia. Nikasema waangalie. Akasema ninamwaibisha. Nikasema ndiyo. Ndugu yangu aliendelea kushindilia saruji ambayo sasa ilikuwa uji, kwa sababu kuacha kungekuwa kushindwa, na mimi niliendelea kukaa kwa sababu hiyo hiyo. Tungekaa hivyo mpaka giza. Lakini mdogo wetu alikuwa anatetemeka. Alishuka magotini, akavuka tope, akamvuta kaka yake shati.

"Mi niko na njaa," alimwambia. "Na baridi. Maliza basi."

Ndugu yangu alitupa sepetu, ikagonga ukuta. "Mutoto anaumia na we unakaa tu kama jiwe!" alinipigia kelele. "Uko mubaya, yaya! Mubaya kabisa!"

"Ndiyo," nikasema. "Chukua mufuko."

Kwenye basi alikaa mbele, sisi nyuma. Ilikuwa hivyo mpaka Kashikishi.

Mahali pa mama palikuwa pamefagiwa vizuri kuliko nilivyopafagia mimi. Mawe ya katikati yalikuwa yameondolewa, na vipande viwili vimekuwa kimoja.

"Nilikuambia," mwanamke wa kovu alisema.

"Uliniambia."

Alisubiri nimlilie. Sikulia, nikamwona amekereka kidogo. Uvuvi ulipofunguliwa na mitumbwi ikarudi imelemewa na uzito wa samaki, alinijia mwenyewe mlangoni, akiwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Niko na mahali mukubwa na mikono mibili," alisema. "Mutakuja kugeuza samaki ao mutakaa mukinitazama?"

"Tutakuja watatu."

"Hata ule mwenye kiburi?"

"Watatu."

"Atakula kuliko atafanya," alisema, lakini hakukataa.

Msimu ule wote nilianika chisense wa mtu mwingine kwenye mchanga wa mama yangu. Baadaye nilipata kipande changu, kibaya, karibu na matete, upepo unakoletea uchafu wa soko zima. Ninakifagia. Watu wa makazini wakipita bado wananiuliza kwa huruma kama sijutii Mansa, na wanauliza mbele ya mdogo wangu, ambaye hupenda sana swali hilo. Yuko kwenye madarasa ya mwisho ya shule ya wavuvi. Hajanisamehe, na ananikumbusha asije akasahau.

Jana jioni alisukuma bakuli la mboga. "Mansa saa hii banaangalia televizyo."

"Basi lipo kesho asubuhi," nikamwambia.

"Na maji yako atakuchotea nani? Huyu?" Akamwonyesha mdogo wetu kwa kidole. "Huyu ni muvivu kuliko we."

Mdogo wetu alimtupia ganda la karanga. Yeye akageukia ukuta, akatupa mgongo sisi wawili, akalivuta bakuli kwake na kula mpaka mwisho, bila kutuachia hata mchuzi.