Nishushieni Kamba

Kazi yangu katika mchezo ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kuwakumbusha waigizaji maneno waliyoyasahau. Pazia lenyewe lilikuwa mashuka ya kampu tulimolala, yaliyoshonwa pamoja, na shuka la kushoto lilikuwa na tundu lililochomwa na sigara. Kupitia tundu hilo niliwatazama watazamaji zaidi kuliko nilivyoutazama mchezo. Nyuso za ukumbi ule wa kanisa, kule Mesaimeer, Doha, zilinifunza mambo ambayo hadi leo ningependa nisiyajue.

Tulikuwa walinzi, Wakenya wengi na Waganda wachache, kampuni moja, kampu moja. Ijumaa tuliobahatika kupata mapumziko tulipanda basi kwenda kanisani, na mara mojamoja baada ya ibada tuliruhusiwa kuutumia ukumbi. Mchezo uliandikwa na mwenzetu aliyekuwa mwalimu huko nyumbani kabla ya kuvaa sare. Alicheza yeye mwenyewe mhusika mkuu, maana hakuna mwingine aliyekuwa na sauti kama yake. Ni kisa cha mkuu wa kijiji kikavu anayewachimbia watu wake kisima. Wanampenda, naye anaonja utamu wa kupendwa. Anataka kisima kirefu zaidi, kisha kirefu kuliko hicho, anachukua mashamba ya watu, anawachukua vijana wao kuchimba, mpaka siku ukingo unapobomoka chini ya miguu yake. Anatumbukia. Anaita, "Watu wangu, nishushieni kamba!" Haji mtu. Anafia humo, pazia linashuka.

Hivyo ndivyo alivyouandika, lakini mara ya kwanza tulipoucheza haukuisha hivyo.

Alianguka nyuma ya ubao tulioupaka rangi ya mawe, akaita, nami nilikuwa tayari nimeshika uzi wa pazia. Ndipo nilipoona kwenye tundu yaya mmoja akisimama na kusema kwa hasira, "Jamani, si mumtoe!" Mwanamume wa safu ya mbele akanyoosha mikono, akakamata hewa, akaegemea nyuma, akavuta. Wa pili akamfuata. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa unavuta kamba isiyokuwepo, watu wakiitikia kama wanaovuta gari lililokwama matopeni, naye akaibuka polepole, mkono baada ya mkono, analia machozi ya kweli.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila tulipoucheza watu walikuja kwa ajili ya kuvuta. Walimsamehe yule mkuu mashamba, wakamsamehe vijana, wakamsamehe kiburi. Mimi nilinuna. Nilimwambia, "Wanakuharibia mchezo. Yule mtu anastahili kufa."

Akacheka. "Buda, wacha watu wavute. Wakinivuta, hata mimi nasahau niko Doha."

Nasi tulijua ni nini alichotaka kukisahau. Alikuwa na mke na watoto wawili nyumbani, na mdogo alimjua baba yake kwa sauti ya simu tu. Katika kampuni yetu mlinzi hakuweza kuleta familia. Mwenye cheo cha juu ofisini ndiye aliyepata kibali hicho. Hakulificha hilo. Kampu nzima ilijua anapanda ngazi kwa sababu gani, na kampu nzima ilimwombea. Alipofanywa sapavaiza tulimbeba mabegani. Naye hakutuangusha. Alizunguka malindoni na maji baridi, akagombana na ofisi kuhusu vibanda vilivyokuwa vimeharibika viyoyozi, akajua nani ana mama mgonjwa. Watu walisema huyu ni wetu.

Kisha kampuni ikapata kazi ya kulinda makazi mapya kule Umm Salal, na ofisi ikataka mtu wa kusimamia malindo yote. Mudiri, yaani meneja wa kampuni, alitaka kazi ile ifanyike kwa watu wachache. Mwenzetu ndiye aliyesema inawezekana, tukiwaondoa mariliva.

Riliva ni mlinzi anayekuja kukushikia lango ule, usali, au uende msalani. Asipokuwepo huondoki, na ukiondoka bila yeye umefukuzwa. Alitukusanya kwenye ukumbi wa chakula wa kampu, akatueleza kwa ile sauti yake.

"Ni msimu huu tu, wasee. Nikishika ile nafasi, kitu ya kwanza narudisha mariliva. Si mnanijua?"

Tukasema tunamjua. Wengine walipiga makofi. Ilikuwa ile kamba tena, tofauti ni kwamba safari hii tulivuta tukiwa na sare.

Hakuna aliyetuagiza tuache kunywa maji. Kila mtu aligundua kivyake, kimyakimya, kwamba asiyekunywa hana haja ya kwenda msalani. Asubuhi tulipanda basi na chupa zilizojaa, na jioni tulirudi na chupa zilezile, zimejaa, maji yamepata moto. Zilibingirika chini ya viti basi lilipokata kona. Mwezi wa nane Doha, watu wazima wanaogopa maji! Nilizisikia zikigongana, nikaizuia yangu kwa kisigino.

Katika chumba chetu alikuwamo Mganda mmoja, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Ndiye yule wa safu ya mbele aliyeanza kuvuta siku ile ya kwanza. Alianza kupunguza maneno. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba, viatu vinamkataa. Nilimwambia aende akapimwe.

"Ssebo, nikienda nani anashika geti?" akaniuliza.

Alianguka langoni Umm Salal, jua likiwa utosini. Hakufa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, ila figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika. Sapavaiza wetu alikuja hospitali na juisi ya maembe, akaimimina kwenye glasi mwenyewe, akamshikia. Mgonjwa aliitazama ile glasi, akageuza uso ukutani. Kabla ya mwezi kwisha alirudishwa kwao akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mwezi huohuo mwenzetu alipata cheo. Mariliva hawakurudi. Tulipomuuliza alisema, "Bado kidogo. Ofisi inaniangalia." Sikuweza kumchukia moja kwa moja, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilipomwona akinunua vitanda vya watoto nilifurahi naye, kisha nikajichukia kwa kufurahi.

Familia ilifika majira ya baridi, wakakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya juu ya duka la mikate. Akataka tuucheze mchezo ili mkewe auone.

"Kaka, mwaka huu tusiucheze," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Watu wamechoka."

"Watu wa kuvuta hawachoki," akasema, akiwa anajifunga shuka la mkuu wa kijiji mbele ya kioo.

Ukumbi ulijaa kuliko siku zote, na kujaa kule kulinitia hofu. Hapakuwa na kelele za kutafutana viti. Nilipochungulia tunduni niliona watu wangu wamekaa wima, mikono mapajani, kama wanaongoja kuitwa majina. Mkewe alikuwa mbele na watoto, amevaa kitenge kipya.

Hakubadilisha neno hata moja. Nina hakika, maana maneno yote yalikuwa mikononi mwangu. Pale maji yanapotoka kwa mara ya kwanza, mahali ambapo zamani akina dada walipiga vigelegele, mtu alikohoa tu. Mkuu akawagawia watu wake maji, na sauti ya chini ikasema kutoka nyuma, "Anatununua." Hapo nikaelewa. Zamani waliona mtu mwema aliyepotea njia. Sasa waliona mtu aliyejua aendako tangu jembe la kwanza, na hata wema wake wa mwanzo walikuwa wanampokonya. Alipochukua mashamba hawakuguna. Walitikisa vichwa, taratibu, kama watu wanaosikia habari ya kwao.

Ukingo ukabomoka. Akaanguka nyuma ya ubao.

"Watu wangu, nishushieni kamba!"

Mwanamume mmoja alikalia viganja vyake.

Akaita tena, na mara hii haimo kwenye mchezo. Akaita tena, sasa si kwa sauti ya mkuu wa kijiji. Alikuwa amejikunja sakafuni hatua chache kutoka kwangu, jasho linamtoka, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau neno. Nilipaswa kushusha pazia, lakini nikarudi kuchungulia tunduni.

Ndipo mkewe aliposimama. Bila shaka alikuwa amehadithiwa kwa simu, miaka yote ile, jinsi watu wanavyovuta. Akanyoosha mikono, akakamata hewa, akavuta, akageuka nyuma akitabasamu, kama anayedhani wageni wamechelewa kuinuka kwa haya.

"Vuteni basi!"

Hakuinuka mtu. Akavuta tena. Tabasamu lilimtoka kidogokidogo, lakini mikono yake iliendelea, na mtoto mdogo alikuwa anamshika kitenge.

"Mama watoto," sauti ikatoka nyuma ya ubao, "acha. Kaa chini."

Nikashusha pazia.

Nje, watu walikuwa wanapanda basi bila kusemezana. Mwenzetu alikuwa bado ndani, anachukua muda mrefu kuvua shuka. Mkewe alinijia na watoto, akanisalimu kwa heshima, maana alijua mimi na mumewe tulikuwa kama ndugu.

"Shemeji," akasema, "mimi aliniambia huwa anavutwa. Kwani mchezo huishaga hivi?"

Nilitazama basi. Dirishani, chupa za maji za zamu ya jana zilikuwa zimepangwa, zimejaa.

"Ndiyo, shemeji," nikamwambia. "Ndivyo alivyouandika mwenyewe."