Maneno ya Dada Kinywani mwa Mzungu

Kuna mwanamke wa Uingereza niliyemsemea kwa miaka kumi na mbili, na yeye hajui hata kama nipo duniani. Ni mwigizaji. Alikuwa anafungua mdomo kule kwao, mimi nasema huku Tunduma, mpakani na Zambia, kwenye kibanda umiza changu cha kuonyeshea filamu, nyuma ya maegesho ya malori, nimeshika kipaza sauti kilichozungushiwa soltepu. Watu walikuja kumtazama yeye, ila waliyemsikia ni mimi. Nikisema hivi mbele ya wanangu wanacheka, eti baba anajisifu. Sijisifu jamani. Natamani siku moja tu kati ya hizo zote ningefunga mdomo wangu.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ilikuwa hivi. Filamu inaingia ikiwa ya Kiingereza. Watazamaji ni madereva wanaosubiri kuvuka mpaka, matingo wao, mama lishe waliomaliza vyombo vya mchana, vijana wa kubadilisha kwacha. Kiingereza hawakitaki. Basi DJ anakaa pembeni ya runinga, anapunguza sauti ya wenyewe, anatafsiri palepale, na sauti zote ni zake: ya mzee, ya mtoto, ya polisi, ya mbwa ikibidi. Wenzangu walichukua filamu za kupigana, maana ngumi haihitaji tafsiri. Mimi nikajitia ujuaji, nikachukua za watu wanaoongea. Na Kiingereza changu, niseme ukweli, kilikuwa cha kuombea maji.

Huyu mama nilimpata kwa bahati tu, kwenye CD moja iliyochanganywa filamu nane. Alikuwa msichana wa kazi katika jumba kubwa, anapita na sinia, hana maneno hata kumi. Lakini akipita unaacha kuwatazama matajiri waliokaa mezani, unamtazama yeye. Nikaanza kumtafuta. CD zilikuja zinavyokuja, kwa hiyo maisha yake kwetu hayakuwa na mpangilio: Jumatatu tulimzika akiwa bibi kizee, Alhamisi akaolewa. Alikuwa nesi wa vita, mke wa mchungaji, mwalimu mkali, mama wa malkia. Watu wa kibandani wakampa jina la Shangazi. Hata madereva wa Zambia wakifika mlangoni, salamu ilikuwa, "Mulishani, DJ! Leo Shangazi yupo?"

Baadaye nilipopata simu ya maana nikasoma habari zake, kwa kubahatisha na kwa kamusi. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alianzia kwenye jukwaa la mji wao mdogo, kwanza akifagia, halafu akishika nguo za wenzake, halafu siku moja mwenye zamu akaugua, wakamsukuma yeye mbele ya watu. Akakaa jukwaani miaka mingi kabla kamera haijamwona. Na kuna jambo lililoandikwa kila mahali kama kasoro: kwamba ndoa yake ilivunjika angali kijana, waandishi wakamwuliza mpaka wakachoka, na hakuwahi kusema lolote. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini, nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa niseme sauti nilikoitoa. Kumsemea mwanamke si kubana pua kama wanavyofanya wachekeshaji. Lazima uwe na mwanamke fulani kifuani. Mimi nilikuwa naye mmoja, dada yangu. Mama yetu alifariki mimi sijaanza shule, kule kijijini kwetu Ikinga, wilaya ya Ileje, na dada ndiye aliyenilea, mgongoni kwanza, halafu kwa fimbo. Ana namna yake. Akitaka kusema jambo zito anavuta pumzi kwanza, halafu analisema taratibu, utadhani kuna mtoto amelala chumbani. Yule Mzungu naye alikuwa hivyo hivyo! Nilipoliona hilo nikasema, basi, kazi imekwisha. Nikamvisha sauti ya dada. Watu wakasema DJ huyu ni kiboko, na mimi nikapata kichwa.

Mwaka mmoja nilipanda Ileje wakati wa kuvuna maharage. Shemeji yangu alikuwa amekwenda Zambia kibiashara, akakutana na mwanamke huko, akahamia moja kwa moja. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Kijiji kizima kilijua kwamba ameondoka, na kijiji kizima kilimwona dada amejikaza: analima, anaimba kwaya, anacheka na watu. Alasiri hiyo tulikuwa wawili kwenye mkeka uani, tunachambua maharage, naye akavuta ile pumzi yake.

Akaniambia kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, kwamba bado anampakulia. Kila jioni, watoto wakishapewa, anapakua sahani ya mumewe, anaifunika, anaiweka pale anapokaaga. Asubuhi anaifunua, anawapa kuku. Watoto wanadhani ni makombo. Akasema anajua ni ujinga, na anajua mwanaume harudi, ila mkono unajipakulia wenyewe. Akaniomba nisimwambie mtu, hata kaka zetu. Nikamwambia, dada, hili limeishia hapa hapa kwenye mkeka.

Na nilikuwa nasema kweli wakati nasema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Haukupita mwezi, ikaja filamu mpya ya Shangazi. Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani, kibanda kimejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ndoo. Ikafika sehemu amesimama dirishani, mdogo wake wa kike amekaa nyuma yake, naye anaongea. Anaongea, anaongea, kamera haitoki usoni mwake. Kiingereza kinakwenda mbio, mimi nimeambulia "nyumba" tu. Na DJ hanyamazi, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi. Ukinyamaza mluzi unaanza, "DJ umelala? Turudishie hela zetu!" Nikamtazama yule mama usoni. Akavuta pumzi. Na mimi nikavuta pumzi, mdomo ukafunguka, nikasema, kwa sauti ya dada yangu: "Bado nampakulia. Kila jioni napakua sahani yake, naifunika. Asubuhi nawapa kuku."

Halafu mmoja akacheka, maana kwenye lile jumba la Wazungu hakukuwa na kuku hata mmoja. Wakacheka wengi. Lakini mama lishe mmoja wa pale stendi alijifunika kanga usoni, akalia kwa sauti, akatolewa nje na wenzake. Nikaona nimefanya kazi ya maana! Nikairudia maonyesho yote ya wiki ile, neno kwa neno. Wiki iliyofuata nikairekodi, nikawauzia wenye vibanda vya Vwawa na Mlowo, nao wakagawa kwenye flashi kama karanga.

Maneno yakatembea. Pale mpakani msichana akiachwa, wenzake wanamwuliza, "Vipi, umeshawapa kuku?" Dereva akichelewa kurudi kwa mkewe, "Haya, leo kuku watakula wali." Mimi nacheka nao. Hata siku moja sikufikiri kwamba flashi inaweza kupanda milima.

Ilipanda. Ikaonyeshwa Ikinga, nyumbani kwa mtu mwenye sola, na dada yangu akaalikwa pamoja na wanakwaya wenzake, tena kwa heshima, kwamba njoo umsikie mdogo wako. Alikwenda amevaa kitenge kipya. Sikuwepo, nilisimuliwa. Wanasema sauti ile ilipotoka hakuna aliyecheka, maana pale kila mtu anaijua sauti hiyo. Waligeuka kumtazama. Asubuhi jirani mmoja, kwa wema tu, akamwuliza, "Kumbe bado unampakulia, mwenzetu?" Na watoto wake wakaja kumwuliza kama zile sahani zilikuwa za baba.

Nilipopata habari nilipanda gari siku hiyo hiyo. Nilimkuta anafagia uwanja. Nikamsalimia kwa Kindali. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Karibu. Pita ndani, ukae."

Mtu wa mjini hawezi kuelewa kilichonipata. Kiswahili kwetu ni cha shuleni, cha ofisini, cha mgeni asiyejulikana atokako. Dada yangu hakuwahi kunisemesha Kiswahili tangu nizaliwe, labda akisoma Biblia. Nikadhani kuna mgeni ndani. Hakukuwa na mtu. Nikaendelea na Kindali, nikajieleza. Na badala ya kuomba radhi, mimi mwenye mdomo, nikapandisha hasira! Nikamwambia, kwani nilitaja jina lako? Ni Mzungu yule ndiye aliyesema. Ni filamu tu. Nikamwambia watu wa huku ndio wambea. Nilisema mengi, na kila nikiyakumbuka najisikia kujipiga makofi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya milimani, "Nikikuambia kwa Kindali, utakwenda kuwatafsiria watu. Bora nikuambie kwa Kiswahili mwenyewe, nikupunguzie kazi."

Kisha akanikaribisha chai.

Imepita miaka sita. Kila nikipanda Ileje ananipokea vizuri, ananiandalia maji ya moto ya kuoga, ananiuliza habari za watoto, wanaomwita shangazi kama wateja wangu walivyomwita yule mwingine. Lakini yote kwa Kiswahili. Zamani aliniita jina la utotoni, la kule mgongoni. Siku hizi ananiita ndugu. Wageni wakiingia anageukia Kindali, anacheka nao, halafu akinigeukia mimi anarudi kwenye Kiswahili, bila kukasirika, bila kusitasita. Angenitukana ningepona.

Kibanda nilikifunga mwaka juzi. Watu wana filamu kwenye simu, DJ wa nini. Nikabaki na muda, nikawa naangalia zile filamu peke yangu mchana, bila kuzisemea. Mpwa wangu, mtoto wa mwisho wa dada, yuko chuo cha ualimu na Kiingereza anakijua hasa. Mwaka huu alipita Tunduma likizo, nikamwekea ile sehemu ya dirishani. Nikamwomba aniambie huyu mama anasema nini. Kichwani nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba labda anasema kitu kinachofanana, kwamba labda nilikisia.

Akasikiliza mara mbili. Akasema, "Mjomba, anaongelea paa. Anamwambia mdogo wake paa linavuja, chumba cha juu kimeloa, na lazima mwenye nyumba aandikiwe barua kabla ya baridi."

"Basi?"

"Basi. Paa tu."

Nikairudisha, nikaitazama bila sauti. Paa tu! Na bado uso wake ulikuwa vilevile, na bado nilimtazama mpaka mwisho. Yule mama alikuwa na lake moyoni, wala hakulitoa. Alituachia paa, tukalia wenyewe, kila mtu kwa lake. Ningesema paa linavuja, yule mama lishe angelia vilevile. Sikuhitaji sahani ya dada yangu. Nilikuwa na mwanamke mbele ya macho yangu aliyenifundisha kazi miaka yote hiyo, na sikujifunza kitu.

Siku hizi Shangazi ameacha jukwaa. Nilisoma kwamba maneno yalianza kumpotea katikati ya mchezo, akaaga mwenyewe kabla hawajamhurumia. Nilihuzunika kama nimefiwa, nikawa sina wa kumwambia. Aliyekuwa wa kuambiwa ni mmoja, na yuko Ikinga.

Nikaenda. Nilimkuta anamenya ndizi jikoni. Sikuingia na maelezo safari hii. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mtu mzima na mvi zangu, nikamwambia kwa Kindali: nilichukua neno lako, nikalifanyia mchezo, halafu nikakukasirikia. Nikamwambia habari ya paa. Nikamwambia kama kuna siku moja ya maisha yangu naweza kuirudisha, ni ile Jumapili.

Dada aliacha kumenya. Akavuta pumzi, ile ile, nikajua sasa anarudi kwenye Kindali.

"Nilishakusamehe zamani, ndugu," akasema kwa Kiswahili. "Inuka, utachafua suruali. Chakula kiko karibu."

Akanishika mkono kuniinua. Mkono ulikuwa wa dada yangu kabisa, wa moto, wenye utomvu wa ndizi. Akachukua bakuli la maganda na mabaki, akatoka uani, nami nikabaki nimekaa kwenye kigoda. Nje nikamsikia anawaita kuku. Akamgombeza jogoo mmoja mroho, akambembeleza kifaranga aliyeachwa nyuma, akawasimulia sijui nini kuhusu mvua iliyochelewa, akacheka peke yake. Nilielewa kila neno. Alikuwa anaongea nao Kindali.